Gari limetoka gereji na ugonjwa mpya: anzia pale palipoguswa

Leo naweka pembeni kantangaze na mbolea, nizungumzie gari. Najua kuna atakayesema bwana shamba kaishiwa masomo. Sivyo. Nyanya ikishachumwa haimsubiri fundi, na kitunguu kilichofungwa kwenye gunia kikapigwa na jua siku mbili kinaanza kutoa maji. Nimeona mazao mazuri, yaliyotunzwa miezi minne kwa jasho, yakifia kando ya barabara. Na mara nyingi dereva anasema maneno yale yale: "Yaani gari limetoka kutengenezwa juzi tu!"

Hilo neno "juzi tu" watu hulitumia kulalamikia. Mimi nataka ulitumie kutafutia ugonjwa.

Shambani tunafanya hivyo hivyo. Ukiniletea jani la nyanya limejikunja na kugeuka njano, sikimbilii jina la ugonjwa. Nauliza: ulipulizia nini, lini, kwa bomba lipi? Mara ngapi tumegundua kwamba bomba lilitumika kuulia magugu, halikuoshwa vizuri, kesho yake likaingizwa kwenye nyanya? Jani linafanana na lenye virusi, lakini historia inasema kitu kingine. Gari nalo lina historia. Likiingia gereji na tatizo moja na kutoka na tatizo jingine, jambo la kwanza kulishuku ni kile kilichofunguliwa, kilichochomolewa au kilichosogezwa ili kupata nafasi ya kufanya kazi.

Msimu uliopita wa vitunguu nilikuwa Ruaha Mbuyuni, kwenye mifereji. Saa nne asubuhi mzee mmoja ninayemfahamu akanipigia simu.

"Bwana shamba, uko wapi? Gari imekufa hapa, hata Kitonga sijaianza."

Nikachukua pikipiki. Nilimkuta amekaa kivulini, Kirikuu yake imeinuliwa kiti, mvuke unatoka, magunia ya vitunguu yamepangwa nyuma (uzito wake sitautaja, kuna watu wa mizani wanasoma).

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Leo nimekwisha."

Pembeni yupo kijana fundi wa pale pale, spana mkononi, ameshatoa hukumu: hedi gasketi imeungua, injini ifunguliwe. Na mnunuzi naye yupo, ameshanusa shida, anataka magunia yote kwa bei ambayo hata mbegu haitarudi. Mzee alikuwa anakaribia kukubali vyote viwili: auze kwa hasara, halafu hela hiyo hiyo ilipie kufungua hedi. Nikamwomba anipe saa moja kabla hajamjibu mtu yeyote.

Mimi si fundi, niseme mapema. Ila nimeendesha magari ya kuchoka kwa miaka mingi, na kuuliza maswali ndiyo kazi niliyosomea.

"Mzee, gari lilitoka gereji lini?"

"Juzi jioni, kule mjini."

"Walifanya nini?"

"Pampu ya maji. Ilikuwa inadondosha, wamefunga mpya."

"Kabla ya hapo liliwahi kuchemsha?"

"Hata siku moja. Ilikuwa inadondosha tu, naongeza maji naenda."

"Na ulivyoshuka nalo kuja huku?"

"Safi kabisa. Tupu, mteremko, hata mafuta sikukanyaga."

Tazama majibu hayo. Ili kufunga pampu ya maji, maji yote yanamwagwa. Maji yakitoka, hewa inaingia. Kirikuu injini yake iko chini ya kiti na rejeta iko mbele, kwa hiyo kuna mabomba marefu yanayopita chini ya gari, na hewa inapenda kujificha humo. Isipotolewa, pampu mpya inazungusha mapovu badala ya maji. Gari tupu, kwenye mteremko, upepo unapiga mbele, halitaonyesha kitu. Lipakie mzigo, ligeuze lipande mlima kwa gia ndogo, ndipo ukweli unatoka. Kwa hiyo "lilishuka vizuri" haikuwa na maana kwamba gari ni zima. Lilikuwa halijapewa mtihani.

Hedi gasketi je? Inawezekana, maana gari likichemsha sana hedi hupinda na gasketi huungua. Lakini juzi ilikuwa nzima, na kuifungua ni gharama kubwa. Kitu cha gharama kubwa kinathibitishwa kwanza kwa vipimo vya bure.

Tulisubiri injini ipoe. Hapo sina mzaha: usifungue kifuniko cha rejeta wakati injini ina moto, hata kama mnunuzi anakupigia kelele. Kifuniko kile kinashikilia presha, na presha inayazuia maji yasichemke hata yakipita nyuzi joto 100. Ukikifungua, presha inaondoka mara moja, maji yanageuka mvuke na kukurukia usoni. Huku kwetu juu ni hatari zaidi, kwa sababu kwenye mwinuko kama wa Iringa mjini maji ya sufuria yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi. Pia usiumwagie injini maji baridi kutoka nje. Chuma chenye moto kikipoozwa ghafla kinaweza kupasuka, hapo ndipo utaitafuta hiyo hedi kweli.

Ilipopoa tulivuta kijiti cha oili. Oili ilikuwa nyeusi ya kawaida. Kama maji yangekuwa yameingia kwenye oili, ingekuwa na rangi ya chai ya maziwa, na chini ya kifuniko cha kujazia oili ungeona utelezi kama krimu. Hakukuwa nao. Tukajaza maji, tukaacha kifuniko wazi, tukawasha injini ikiwa bado ya baridi, tukaangalia mdomo wa kujazia. Hiki ni kipimo kizuri, kijue. Kama gasketi imeungua, moshi wa silinda unapenya kwenye maji, unaona mapovu yanakuja bila kukoma tangu dakika ya kwanza, na mpira wa juu wa rejeta ukiwa umefunga kifuniko unakuwa mgumu kama jiwe kabla injini haijapata hata joto. Kama ni hewa iliyobaki, mapovu yanakuja kwa mikupuo, maji yanashuka ghafla, unaongeza, yanashuka tena, halafu yanatulia. Yetu yalikuwa ya mikupuo. Yule kijana fundi naye alisogea kuangalia, na namshukuru, kwa sababu alipoona hakubisha.

Kipimo kingine ni hita. Huku Iringa Juni na Julai tunaifahamu kazi yake, ila Ruaha Mbuyuni hakuna anayeiwasha, kule joto lenyewe linatosha. Washa hita mpaka mwisho wa moto. Mshale wa joto ukiwa juu na hita inapuliza upepo wa baridi, maji hayafiki kwenye hita: ama yamepungua, ama hewa imeziba njia. Na usiuamini sana ule mshale. Kipima joto kikiwa kimekaa kwenye hewa badala ya maji, mshale unaweza kulala chini huku injini inaungua.

Kutoa hewa tulifanya hivi. Gari likawekwa kwenye kimwinuko, upande wenye mdomo wa kujazia maji ukiwa juu zaidi. Hita ikafunguliwa mpaka mwisho ili na njia yake ijae. Maji yakamiminwa taratibu, siyo kwa pupa, huku mjukuu wa mzee, ndiye utingo wake, anaukamua mpira wa juu kwa mkono kama anakamua ng'ombe. Injini ikawashwa ikaachwa ingurume yenyewe. Unasubiri thamostati ifunguke, na kwenye magari mengi inaanza kufunguka kwenye nyuzi 80 na kitu. Utajua imefunguka mpira wa juu ukipata moto na maji kwenye mdomo yakashuka. Hapo unaongeza, unasubiri mapovu yaishe, unafunga. Kwetu iliingia chupa moja na nusu ya zile za lita moja na nusu. Lita mbili na robo za hewa, kwenye gari ambalo maji yake yote hayafiki lita nyingi!

Kwa kweli nilijisikia fundi mkuu. Nilikuwa nimeshamwambia mzee apange magunia vizuri aanze mlima. Yule mjukuu akauliza:

"Babu, hii feni mbona haizunguki?"

Mshale ulikuwa umepita nusu na unapanda polepole. Feni ya umeme inatakiwa iwake yenyewe maji yakifika moto wake. Tukainama. Soketi ya feni inaning'inia, haijachomekwa. Bila shaka waliichomoa wapate nafasi ya mkono, wakasahau kuirudisha. Kwenye mteremko upepo ulikuwa unafanya kazi ya feni, kwa hiyo mzee hakujua. Kwenye Kitonga, nyuma ya malori, mwendo wa kutembea kwa miguu, gari lingechemsha tena, na safari hiyo katikati ya kona ambapo hata pa kusimama hamna.

Kwa hiyo matatizo yalikuwa mawili, yote kutoka kwenye kazi ile ile. Hilo nilijifunza siku ile: ukipata kosa moja usifunge boneti. Maliza kukagua kila kitu kilichokuwa kwenye njia ya mkono wa fundi. Tuliliacha gari linanguruma mpaka feni imewaka na kuzima yenyewe mara mbili, ndipo mzee akaondoka, jioni, jua limepungua. Alinipigia kutoka Ilula. Vitunguu viliuzwa mjini kesho yake kwa bei ya mjini.

Alirudi kwa fundi wake. Nilimsihi asiende kwa ugomvi, aende na maelezo. Fundi alikubali kosa la soketi. Kuhusu hewa alisema yeye alitaka gari lingurume nusu saa halafu likaguliwe asubuhi likiwa baridi, ila mzee alisimama mlangoni akisema vitunguu vinasubiri. Mzee mwenyewe, nilipomuuliza, akacheka na kuangalia pembeni. Fundi alimwaga maji ya bomba tuliyojaza, akaweka kulanti, na kazi hakuidai.

Sasa twende kwenye magonjwa mengine ya namna hii.

Waligusa dizeli

Kikundi kimoja cha mpunga walibadilisha filta ya dizeli kwenye power tila yao, siku ya kwanza ya kuvuruga majaruba. Ikawaka, ikanguruma dakika moja, ikafa. Wakaipiga hendeli mpaka mikono ikatoka malengelenge. Wakaambiwa pampu imekufa, inunuliwe nyingine.

Injini ya dizeli haina plagi ya kutoa cheche, inategemea dizeli isukumwe kwa nguvu na nozeli. Hewa ikiwa ndani ya paipu, pampu inaibana hewa badala ya kusukuma dizeli, na nozeli haitemi. Kubadili filta ni kuingiza hewa, haiepukiki, lazima itolewe. Fungua bomba la tangi, legeza bolti ya kutolea hewa iliyo kwenye filta au kwenye pampu, acha dizeli itoke na mapovu mpaka itoke tupu, isiyokatika, kisha kaza dizeli ikiwa bado inatoka. Hatua hiyo mara nyingi inatosha. Isipotosha, legeza kidogo nati ya paipu inayoingia kwenye nozeli, mtu azungushe injini mpaka dizeli ilowe pale, kaza. Usiweke kidole wala kiganja mbele ya dizeli inayotoka kwa presha. Inatoboa ngozi na kuingia mwilini, na kidonda chake kinaonekana kidogo kumbe ndani ni kikubwa. Ukipatwa nenda hospitali saa hiyo hiyo.

Kama hewa imetolewa na kesho inarudi, kuna mahali inavuta. Kwa kile kikundi ilikuwa washa ya shaba: ilibaki moja kwenye kitambaa cha fundi, bolti ikafungwa bila washa. Bei yake haifiki hata ya soda. Paipu inayovuta hewa si lazima idondoshe dizeli, kwa hiyo usitafute unyevu peke yake. Shika kila kiungo kilichofunguliwa ukikaze kwa spana.

Na kuna ugonjwa unaofanana na huu: injini inafanya kazi robo saa, inapungua nguvu, inakufa, ukiipumzisha inawaka tena. Kabla ya kufungua kitu, legeza kifuniko cha tangi. Kama inaendelea kufanya kazi, tundu dogo la kupumulia kwenye kifuniko limeziba, labda kwa matope, labda mtu amefunga nailoni kuzuia vumbi. Dizeli haiwezi kushuka kama hewa haiingii nyuma yake, jaribu kuminia maji kutoka kwenye dumu ukiwa umeziba mdomo kwa kiganja utaona.

Waligusa plagi au mfumo wa hewa

Gari la petroli limebadilishwa plagi, limetoka linapiga misi, linatetemeka. Kwenye magari yenye waya za plagi, angalia kama waya zimerudishwa kwenye mpangilio wake. Injini nyingi za silinda nne zinawaka kwa mpangilio wa 1-3-4-2, siyo 1-2-3-4, na mtu akichomoa waya zote kwa pamoja anaweza kuzichanganya. Kwenye magari ya koili, angalia soketi ya kila koili kama imebana mpaka ilie "tak". Injini ikiwa inanguruma, chomoa soketi ya koili moja, uirudishe, uende ya pili. Ukichomoa na mtetemo ukaongezeka, silinda hiyo ilikuwa nzima. Ukichomoa na hakuna kinachobadilika, mgonjwa ni huyo. Waya za plagi za mtindo wa zamani usizishike kwa mkono injini inapowaka, zina umeme mkali.

Injini ikinguruma juu kuliko kawaida bila kukanyaga mafuta, na unasikia mlio wa "sss" kama nyoka, kuna mpira mdogo wa hewa haukurudishwa au umepasuka wakati wa kuuchomoa. Mipira ya magari yetu ya zamani imekauka kama makuti, ukiigusa tu inakatika. Kama kichujio cha hewa kilitolewa, angalia bomba kubwa linalotoka kwenye kichujio kwenda kwenye injini: klipu yake imekazwa? Kwa power tila na trekta hapa sio suala la kutetemeka tu. Hewa isiyochujwa shambani ni vumbi, na vumbi ndani ya silinda ni msasa.

Waligusa breki au matairi

Hapa sitoi vipimo vingi, natoa katazo. Gari likitoka kufanyiwa breki na pedali inaenda chini au ni laini kama sponji, usiondoke nalo hapo, hata kama fundi anasema itakaa sawa njiani. Pedali laini ni hewa kwenye mafuta ya breki. Ikipanda ukiipampu mara mbili tatu halafu ikalainika tena, bado ni hewa, au breki za nyuma hazijarekebishwa. Itolewe palipo tambarare. Ukishindwa kusimama uwanjani kwa fundi, huwezi kusimama ukishuka Kitonga na tenga za nyanya zinakusukuma mgongoni.

Pedi mpya ni jambo la kawaida kuwa na mlio kidogo na kushika kwa uzito kwa siku za kwanza. Tairi moja kupata moto kuliko mengine si kawaida. Baada ya mwendo mfupi shuka, sogeza kiganja karibu na kila rimu bila kuigusa. Lenye moto peke yake breki yake imeng'ang'ania.

Tairi likishafunguliwa, nati zikazwe tena baada ya kilomita 50 mpaka 100. Kikazio chako mwenyewe, mkono wako mwenyewe. Rimu ikiwa na kutu au matope pale inapokaa, nati inaonekana imekaza kumbe inakaza matope, na matope yakisagika inalegea. Ukisikia mgongo wa "gu-gu-gu" unaobadilika na mwendo, simama.

Waligusa umeme

Betri imetolewa na kurudishwa, au stata imefungwa nyingine, sasa gari linawaka kwa shida, taa zinafifia. Kabla ya kununua betri tafuta waya wa ethi, ule mnene unaotoka kwenye injini kwenda kwenye bodi au kwenye hasi ya betri. Unafunguliwa mara nyingi na unasahaulika mara nyingi, au unafungwa juu ya rangi na kutu. Chukua waya wa kuwashia gari kwa betri ya mwenzako, unganisha hasi ya betri na chuma kitupu cha injini, washa. Likiwaka kwa nguvu, umepata.

Mita ndogo ya umeme ni kitu ambacho kila kikundi chenye trekta kingekuwa nacho. Betri nzima iliyopumzika inasoma kama volti 12.6. Injini ikinguruma isome kati ya 13.8 na 14.5 hivi. Ikisoma 12 na kitu na inazidi kushuka, altaneta haichaji: angalia mkanda, angalia soketi yake, ndipo uiseme altaneta yenyewe.

Siyo kila mara ni fundi

Niwe mkweli kwa mafundi pia. Mara nyingine kitu kipya kinakifichua cha zamani. Rejeta ilikuwa inavuja, kwa hiyo haikuwahi kushika presha. Ukiiziba, presha inarudi, na mpira wa miaka kumi unapasuka siku ya pili. Mkanda mpya ukikazwa unaisumbua beringi ya altaneta iliyokuwa imeshachoka, na wewe unasikia mlio "walioleta wao". Fundi alipaswa kukuonya, lakini mpira hakuuharibu yeye.

Yapo pia mambo ambayo sisi wenyewe tunayaagiza. Wengi tunaambiwa thamostati itolewe "gari lipoe vizuri", tunakubali. Injini inayofanya kazi ikiwa baridi inakula mafuta na inachakaa haraka, na kwenye injini nyingine thamostati ikiondolewa njia ya mkato ya maji inabaki wazi, maji yanazunguka humo humo bila kupita rejeta, gari linachemsha zaidi. Kama yako imetolewa na shida ikaanza hapo, unajua pa kuanzia.

Unavyopeleka gari na unavyolipokea

Kabla hujaacha gari, piga picha kwa simu yako: injini kutoka juu, pembeni, waya za plagi, mipira. Picha ya kabla ni shahidi asiyegombana na mtu. Ile soketi ya feni tungeiona ndani ya dakika moja kama mzee angekuwa na picha.

Unapolichukua, uliza maswali matatu na uandike majibu: mmefungua nini, mmechomoa nini kupata nafasi, mmeweka spea gani. Omba spea ya zamani uondoke nayo. Usiulize "limepona?", kila mtu atasema limepona. Kisha lijaribu kwa kazi yake. Gari la mlima lijaribiwe mlimani na mzigo kidogo, trekta lijaribiwe na jembe ardhini, karibu na gereji, siyo siku ya soko. Asubuhi yake, likiwa baridi, pima maji, oili na mafuta ya breki, angalia chini kama kuna doa. Oili isizidi alama ya juu pia. Ikizidi inapigwa na vyuma vinavyozunguka, inatoa povu, na povu halilainishi kitu.

Shida ikitokea, badilisha au rekebisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, halafu jaribu. Ukibadili filta, plagi na pampu kwa mpigo, gari likipona hujui umeponya nini, lisipopona umelipia vitatu. Na rudi kwanza kwa aliyeshika mwisho. Fundi wa pili ataanza upya gizani, na wa kwanza atasema wa pili ndiye aliyeharibu.

Mzee bado anapanda Kitonga na Kirikuu yake. Ile soketi ya feni mjukuu ameifunga na kamba ya katani juu, ingawa nilimwambia inabana yenyewe. Wiki ijayo narudi kwenye vitunguu: namna ya kuvikausha shingo kabla ya kuvipakia.